Kukadiria ustahimilivu wa uchovu katika kiungo cha bomba na flanji kilichochomelewa

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya wahandisi wa karakana, mafundi wakuu wa kuchomelea na wanafunzi wa vyuo vya ufundi ambao hupewa kazi ya kusimamisha nguzo ya bomba la chuma juu ya flanji, yaani bamba la chuma lenye matundu ya bolti, na kuifunga kwa bolti kwenye sakafu ya zege. Mfano nitakaoufuata mwanzo hadi mwisho ni kreni ndogo ya nguzo, yaani ile yenye mkono unaozunguka na winchi ya mnyororo inayoning'inia kwenye mkono huo. Nimeuchagua kwa sababu ndio ulionifundisha. Miaka mingi iliyopita nilipitisha mchoro wa kreni ya namna hiyo baada ya kuhakiki kwamba bomba linaweza kubeba uzito uliotakiwa, na kweli liliweza; lakini kabla mwaka haujaisha, fundi wa zamu aliona mstari mwembamba wa kutu umelizunguka bomba kwa kiasi cha theluthi moja, mahali ambapo mshono unakutana na ukuta wa bomba. Alisimamisha kazi hapohapo, na kwa hiyo hakuna aliyeumia. Tangu siku hiyo siridhiki na hesabu ya uzito peke yake.

Uchovu wa chuma ni kukua kwa ufa kidogokidogo kutokana na mkazo unaopanda na kushuka mara nyingi, hata kama mkazo huo ni mdogo kuliko ule ambao chuma kingeweza kuubeba kwa utulivu milele. August Wöhler, mhandisi wa reli wa Prussia, alilithibitisha jambo hili kwa majaribio ya ekseli za mabehewa katika miaka ya 1850 na 1860, na tangu wakati wake imejulikana kwamba kinachokula maisha ya chuma zaidi ya kitu kingine ni tofauti kati ya mkazo wa juu kabisa na mkazo wa chini kabisa katika kila mzunguko. Hapa nitaiita tofauti ya mkazo, na nitaipima kwa megapaskali, ambayo ni sawa na nyutoni kwa milimita moja ya mraba.

Hatua ya kwanza: kutambua mahali ambapo ufa unaweza kuanzia

Katika kiungo cha bomba na flanji kuna mahali pawili pa kuangalia. Pa kwanza ni ukingo wa mshono, pale chuma kilichoyeyushwa kinapokoma juu ya ukuta wa bomba. Ufa wa hapo huanzia nje, hupenya unene wa bomba na huonekana kwa macho ukitafutwa mapema. Pa pili ni mzizi wa mshono, yaani ule mwanya uliobaki ndani kati ya ncha ya bomba na flanji pale ambapo mshono haukupenya hadi mwisho. Ufa wa mzizi huanzia ndani na kupita katikati ya mshono wenyewe, hivyo mtu anayeuona ameshachelewa. Kila hesabu ifanywe mara mbili, kwa mahali hapa pawili, na jibu dogo ndilo lishikwe.

Hatua ya pili: kupata mkazo ndani ya bomba

Bomba letu lina kipenyo cha nje cha milimita 219.1 na unene wa milimita 8. Moduli yake ya mpindo, yaani kipimo cha uwezo wa umbo lake kuhimili kupindwa, inayopatikana katika majedwali ya mabomba, ni takriban milimita za ujazo 270,000. Mkono una urefu wa mita 3. Mzigo ni kilonyutoni 5, yaani karibu kilo 500, nami nauongeza kwa asilimia 10 kwa sababu ya mshtuko wa kunyanyua, hivyo momenti yake, yaani nguvu ikizidishwa kwa umbali wake kutoka kwenye nguzo, ni kilonyutoni-mita 16.5. Winchi na kitoroli chake vina uzito wa kilonyutoni 1 mwishoni mwa mkono, navyo huleta momenti ya 3. Mkono wenyewe una uzito wa kilonyutoni 1.2 katikati ya urefu wake, nao huleta 1.8. Jumla ni 21.3 kreni ikiwa na mzigo na 4.8 ikiwa tupu.

Tukigawanya momenti hizo kwa moduli, tunapata mkazo wa megapaskali 79 kreni ikiwa na mzigo na 18 ikiwa tupu. Chuma cha daraja la S355 huanza kunyooka bila kurudi tena kwenye megapaskali 355, kwa hiyo kwa macho ya mtu anayehesabu uzito peke yake, bomba hili lina nguvu ya ziada isiyo na shaka. Hapo ndipo niliposimama mimi nilipokosea.

Hatua ya tatu: kufuata nukta moja ya mshono katika mzunguko mzima wa kazi

Hatua hii ndiyo kiini cha somo, na naomba isiharakishwe. Chagua nukta moja kwenye mshono, iwekee alama kichwani, kisha uifuate tangu mzigo unaponyanyuliwa hadi mkono unaporudi kuchukua mzigo mwingine.

Tuseme kwanza kwamba mkono hauzunguki kabisa: unanyanyua na kushusha upande mmoja tu, wa kaskazini. Upande wa kusini wa bomba unavutwa. Mkazo wake unapanda kutoka 18 hadi 79 na kurudi, hivyo tofauti ya mkazo ni 61.

Sasa tuseme kreni inachukua mzigo kaskazini na kuushusha kusini. Nukta ileile ya kusini inavutwa kwa 79 wakati wa kunyanyua. Mkono unapozunguka na kufika kusini, nukta hiyo sasa inagandamizwa kwa 79. Tofauti ya mkazo imekuwa 158, ingawa mzigo haukuongezeka hata kwa gramu moja. Na kama mkono unazunguka robo duara tu, kwa mfano kutoka kaskazini hadi mashariki, nukta inayoumia zaidi haipo kwenye mstari wa kaskazini na kusini wala kwenye mstari wa mashariki na magharibi, bali iko katikati yao, na tofauti yake ya mkazo ni 79 mara 1.41, yaani karibu 111.

Wengi huuliza kwa nini sehemu ya mgandamizo ihesabiwe, ilhali ufa hufunguliwa na mvutano. Sababu ni kwamba mshono unapopoa hutaka kujikunyata, lakini chuma baridi kinachouzunguka huuzuia, na hivyo mshono hubaki umefungiwa ndani yake mkazo wa mvutano unaoweza kukaribia ule wa kunyooka. Mgandamizo unaouleta kutoka nje hupunguza tu mvutano huo uliofungiwa. Ufa unaendelea kufunguka na kufumba ndani ya eneo la mvutano. Kwa kiungo kilichochomelewa na kuachwa kama kilivyo, tofauti yote ya mkazo huhesabiwa.

Hatua ya nne: kuchagua daraja la kiungo

Kiwango cha Ulaya EN 1993-1-9 cha mwaka 2005 kimepanga viungo kwa madaraja, na namba ya daraja ni tofauti ya mkazo ambayo kiungo hicho hukadiriwa kuihimili kwa mizunguko milioni 2. Kwa bomba lililounganishwa na flanji kwa mshono wa kona, yaani ule unaojaza pembe kati ya vyuma viwili, ukingo wa mshono uko daraja la 40. Kwa mshono uliopenya angalau asilimia 80, na ukingo wake ukasawazishwa kwa grinda, daraja hupanda hadi 71. Kwa mzizi wa mshono wa kona unaobeba mzigo, daraja ni 36, na mkazo wake hukokotolewa kwenye koo la mshono (sehemu yake nyembamba kabisa, tutakayoieleza katika hatua ya sita), si kwenye bomba.

Ni haki niseme kwamba kreni yenyewe, inapotakiwa kupata cheti, ina viwango vyake vya familia ya EN 13001. Njia ya kufikiri ni ileile, nami nimetumia EN 1993-1-9 kwa kuwa madaraja yake yanahudumia pia nguzo za taa, milingoti ya mabango na misingi ya mashine, ambako wengi wetu hukutana na kiungo hiki.

Hatua ya tano: kukokotoa idadi ya mizunguko

Kwanza gawanya daraja kwa kigawanyo cha usalama. Kiwango hicho kinatoa thamani kuanzia 1.0 hadi 1.35, kutegemea kama ufa unaweza kugunduliwa mapema kwa ukaguzi na kama kuanguka kwake kutaleta madhara makubwa. Hapa natumia 1.15. Daraja la 40 linakuwa 34.8. Kisha:

idadi ya mizunguko = 2,000,000 × (daraja lililogawanywa ÷ tofauti ya mkazo), uwiano huo ukiwa umezidishwa kwa wenyewe mara tatu, yaani kipeo cha tatu.

Kreni yetu ikinyanyua mara 80 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, inafanya mizunguko 24,000 kwa mwaka. Mkono usiozunguka, wenye tofauti ya 61, unapata mizunguko kama 370,000, ambayo ni miaka 15. Mkono wa robo duara unapata takriban 61,500, yaani miaka miwili na nusu. Mkono wa nusu duara unapata takriban 21,300, ambayo haimalizi hata miezi 11. Bomba ni lilelile, mzigo ni uleule, na fundi aliyechomelea anaweza kuwa hodari kuliko wote mjini.

Hatua ya sita: kuhakiki mzizi

Ikiwa ncha ya bomba imekaa juu ya flanji na kuna mshono mmoja wa kona wa nje, nguvu yote inayopita kwenye unene wa bomba inapita kwenye koo la mshono. Koo la milimita 6 dhidi ya bomba la milimita 8 lina maana kwamba mkazo wa 158 unakuwa karibu 211 ndani ya mshono. Kwa daraja la 36 lililogawanywa kwa 1.15, maisha ni mizunguko 6,500 tu, yaani chini ya theluthi ya yale ya ukingo. Ili mzizi usitangulie kupasuka, koo linatakiwa liwe angalau mara 1.11 ya unene wa bomba, ambayo hapa ni milimita 9.

Na hapa pana kosa linalojirudia katika michoro: koo si mguu. Koo ni umbali mfupi kabisa kutoka mzizi hadi uso wa mshono. Mguu ni upana unaoupima kwa urahisi juu ya chuma. Koo la milimita 9 linahitaji mguu wa milimita 13 hivi. Mchoro usiosema ni kipi kati ya hivyo viwili umekusudiwa urudishwe kwa aliyeuchora.

Hatua ya saba: kurekebisha

Kwa nusu duara, kubadilisha mshono wa kona na kuweka mshono uliopenya wenye ukingo uliosawazishwa, daraja la 71, kunapandisha maisha hadi mizunguko takriban 119,000, yaani miaka mitano. Hayo ni mafanikio, lakini hayatoshi. Tukichukua bomba la milimita 273 kwa 10, moduli yake inafika karibu 524,000, tofauti ya mkazo inashuka hadi 81, na mshono uleule wa daraja la 71 unapata mizunguko kama 875,000, ambayo ni zaidi ya miaka 36. Kwa kuwa tofauti ya mkazo inazidishwa kwa yenyewe mara tatu, kuipunguza kwa nusu huongeza maisha mara nane. Bomba nene zaidi kidogo ni bei nafuu kuliko juhudi nyingine zote.

Kuna sharti moja linalosahaulika. Hesabu zote hizi zinachukulia kwamba flanji ni ngumu. Flanji nyembamba hujipinda kati ya bolti, na kujipinda huko huvuta ukuta wa bomba pale pale kwenye ukingo wa mshono, hivyo mkazo halisi unazidi ule tulioukokotoa. Mwaka 2003 huko Sioux City, katika jimbo la Iowa, Marekani, mlingoti mrefu wa taa za barabara kuu ulianguka baada ya kupasuka chini, karibu na bamba lake la msingi, na uchunguzi wa milingoti ya aina hiyo umesisitiza tangu hapo unene wa bamba hilo. Mahali ambapo flanji inatiliwa shaka, ni vema mkazo upatikane kwa kompyuta au kwa vipimo vilivyobandikwa, ukisomwa katika umbali wa mara 0.4 na mara 1.0 ya unene wa bomba kutoka ukingo wa mshono, kisha ukasogezwa kwa mstari hadi kwenye ukingo wenyewe: mara 1.67 ya mkazo wa kwanza, toa mara 0.67 ya mkazo wa pili.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Morogoro: Shikamoo mwalimu. Kiwandani kwetu tunaweza kupata chuma chenye nguvu zaidi kuliko S355. Je, tukikitumia, daraja halipandi?

Jibu: Marahaba. Halipandi, ikiwa mshono unaachwa kama ulivyotoka kwenye elektrodi. Ukingo wa mshono huzaliwa na kasoro ndogo mno ambazo tayari ni mwanzo wa ufa, na karibu maisha yote ya kiungo ni kukua kwa ufa huo. Kasi ya kukua haitofautiani sana kati ya chuma laini na chuma chenye nguvu. Ndiyo maana majedwali hayakuulizi aina ya chuma. Chuma chenye nguvu kinakushawishi upunguze unene, na kwa kupunguza unene unapandisha tofauti ya mkazo na kufupisha maisha.

Mwanachama wa Nairobi: Mafundi wengi huongeza mabawa ya pembetatu kati ya bomba na flanji. Katika hesabu yako sijayaona.

Jibu: Sikuyaweka kwa makusudi. Bawa huondoa sehemu ya mkazo kwenye mshono wa chini, lakini ncha yake ya juu inakuwa kiungo kipya. Kipande kilichochomelewa kwa urefu juu ya chuma kinachovutwa kina daraja la 80 kikiwa kifupi, hadi milimita 50, na hushuka hadi 56 kikizidi milimita 100. Kwa karatasi, 56 ni bora kuliko 40. Lakini ukuta mwembamba wa bomba hujipinda ndani pale ncha ya bawa inapousukuma, na mkazo wa mahali hapo unaweza kupanda sana. Kwa hiyo mabawa yanaweza kusaidia, ila tu kama ncha zake zimehesabiwa kama kiungo kingine chochote, na ikiwezekana ziteremke taratibu na kusawazishwa kwa grinda. Mabawa manne yaliyowekwa kwa mazoea ni sehemu nne mpya za kupasukia.

Mwanachama wa Mwanza: Kreni yetu hainyanyui kilo 500 kila mara. Robo tu ya mizigo ndiyo mikubwa. Iliyobaki ni kama kilo 100. Tufanyeje?

Jibu: Tumia kanuni ya kujumlisha madhara, iliyotolewa na Palmgren mwaka 1924 na kuenezwa na Miner mwaka 1945. Kwa bomba la 219.1, mshono wa kona na nusu duara, mzigo wa kilo 100 unaleta tofauti ya mkazo ya 60 na maisha ya mizunguko kama 390,000. Kwa mwaka mnafanya mizunguko 6,000 mikubwa na 18,000 midogo. Gawanya 6,000 kwa 21,300, upate 0.28, gawanya 18,000 kwa 390,000, upate 0.05. Jumla ni 0.33 kwa mwaka, na kiungo kinakadiriwa kuisha jumla ikifika 1, yaani baada ya miaka mitatu. Angalieni kwamba robo ya kazi inasababisha zaidi ya asilimia 85 ya madhara. Ikiwa mizigo mikubwa inaweza kushushwa upande uleule inakochukuliwa, fanyeni hivyo. Ni marekebisho yasiyo na gharama.

Mwanachama wa Mombasa: Karakana yetu iko karibu na bahari. Je, namba hizi zinatufaa?

Jibu: Zinawafaa mkilinda mshono na kutu. Madaraja ya EN 1993-1-9 yamewekwa kwa chuma kilichokingwa ipasavyo. Katika hewa ya chumvi, kila kidimbwi cha kutu ni mwanzo mpya wa ufa, na ule mkazo mdogo ambao chini yake chuma kingedumu bila kikomo hauwezi tena kutegemewa. Pakeni rangi ya kukinga, zibeni ncha za bomba maji yasiingie ndani, na msiruhusu mchanga na maji kukusanyika juu ya flanji.

Mwanachama wa Kampala: Kiungo chetu ni cha shafti inayopindwa na kusokotwa kwa pamoja. Je, natumia tofauti ipi ya mkazo?

Jibu: Zote mbili, kila moja kwa daraja lake. Gawanya tofauti ya mkazo wa mpindo kwa uwezo wake katika idadi yako ya mizunguko, uzidishe kwa yenyewe mara tatu. Gawanya tofauti ya mkazo wa msokoto kwa uwezo wake, uzidishe kwa yenyewe mara tano. Jumla isizidi 1. Kwa msokoto unaopita kwenye koo la mshono wa kona, daraja ni 80. Pia chunguza kama mpindo na msokoto hufika kileleni kwa wakati mmoja. Majaribio ya mtafiti Sonsino huko Darmstadt, Ujerumani, juu ya viungo vya bomba na flanji yalionyesha kwamba vikifika kileleni kwa nyakati tofauti, maisha hupungua, kinyume na makadirio ya fomula nyingi za kawaida. Ukiwa na hali hiyo, ongeza usalama.

Mwanachama wa Tanga: Tumeona ufa wa sentimita 4 kwenye ukingo wa mshono. Je, tunaweza kupitisha mshono mwingine juu yake?

Jibu: Hapana, na ondoeni mzigo leo. Mshono juu ya ufa huuficha tu. Jukwaa la Alexander L. Kielland, lililokuwa makazi ya wafanyakazi wa mafuta baharini, lilipinduka katika Bahari ya Kaskazini tarehe 27 Machi 1980 na kuua watu 123 kati ya 212. Ufa ulianzia kwenye mshono wa kona wa milimita 6 uliokuwa umeshikilia kipande kidogo cha bomba la kubebea kifaa cha kusikilizia sauti majini, na ndani ya ufa walikuta rangi, ishara kwamba sehemu yake ilikuwepo tangu jukwaa lilipokuwa likijengwa.

Utaratibu ni huu. Tafuteni ncha zote mbili za ufa kwa rangi ya kupenyeza au kwa ukaguzi wa sumaku, kwa sababu ufa halisi huwa mrefu kuliko unaoonekana. Ondoeni chuma chote chenye ufa kwa grinda, mpime tena hadi pasionekane mstari wowote, kisha mpashe moto eneo hilo kabla ya kuchomelea kwa kupenya kikamilifu na kusawazisha ukingo. Hata mkifanya yote hayo vizuri, kiungo kipya kitakuwa na daraja lake na mkazo uleule uliokiua cha kwanza. Kwa hiyo kabla ya kuwasha mashine ya kuchomelea, rudieni hatua ya tatu kwa kreni yenu, mkiandika ni wapi mzigo unachukuliwa, ni wapi unashushwa, na mara ngapi kwa siku. Mkiniletea namba hizo tatu pamoja na kipenyo na unene wa bomba, nitazihesabu pamoja nanyi.